Benki wanataka kuuza nyumba yangu: nijitangaze mufilisi?

Shikamoo shangazi. Nina duka la pembejeo hapa Mugeta, wilayani Bunda. Nilikopa benki kwa rehani ya nyumba tunayoishi, nikawakopesha wakulima wa pamba mbegu na dawa. Mvua ikakata, hawajanilipa. Sasa nimeletewa notisi ya siku 60. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema niende mahakamani nijitangaze mufilisi, nyumba itapona. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Binamu yako anakutakia mema, ila anasema sheria ya huko aliko. Marekani, ukifungua shauri la ufilisi, mnada husimama, na mwenye kipato hupewa miaka 3 hadi 5 kulipa malimbikizo huku akikaa kwake. Kwetu, Sheria ya Ufilisi huwazuia wadai wasio na dhamana. Aliyeshika rehani huachiwa nguvu zake zote. Ukiomba ufilisi Mahakama Kuu, duka na mali zako nyingine vitakwenda kwa msimamizi ili wadai wagawane, na benki itauza nyumba vilevile. Tafadhali usiende huko.

Kama ungedaiwa na mtu bila rehani, Sheria ya Mwenendo wa Madai ingekulinda: nyumba anamoishi mdaiwa na mkewe na watoto haikamatwi kulipia hukumu. Ulipoiweka rehani uliitoa mwenyewe kwenye kinga hiyo.

Hujaniambia kitu kimoja: mkeo alitia saini? Nauliza kwa uzito. Sheria ya Ardhi inasema rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila saini au ridhaa yake, na mkopeshaji anapaswa kuhakikisha. Toeni mkataba, mkae wawili, muusome ukurasa kwa ukurasa. Kama hakushirikishwa, yeye mwenyewe anaweza kuomba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lizuie mnada, na aende kabla nyundo haijagonga. Kama alisaini, msimtume aseme hakusaini. Mtapoteza shauri, na yeye ataingia matatani.

Siku 60 hizo usizikalie bure. Wiki hii nenda benki na daftari la madeni ya wakulima, uombe kwa barua marejesho yapangwe upya yafuate msimu wa pamba. Nakala ya barua hiyo ibaki kwako, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, omba utafute mnunuzi mwenyewe. Jirani anayeijua nyumba hulipa vizuri kuliko mgeni wa mnadani, na kinachozidi deni ni chako.

Ikifika kwa dalali, lazima tangazo la mnada litolewe siku 14 kabla. Benki inawajibika kutafuta bei nzuri: ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, ni juu yake kueleza sababu. Kwa hiyo mwite mthamini aliyesajiliwa mapema.

Kama wakili ni ghali, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hawatozi ada. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko. Nenda na mkeo, na mkataba mkononi.