Mafunzo Niliyopata kwa Bibi Mfinyanzi wa Tlawi

Nyumbani kwetu ni Tlawi, wilayani Mbulu, karibu na ziwa dogo lenye jina hilohilo. Bibi aliyenifundisha kufinyanga hakuwa bibi yangu wa damu. Nilimwita Bibi kwa umri wake, naye akaniita mjukuu tangu siku ile nilipompokea kapu la udongo kwenye mteremko. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina. Nikakaa naye viangazi vitatu. Sasa ni mwaka wa sita tangu tumzike, na haya ndiyo ninayoyakumbuka kila ninaposhika udongo.

1. Kilichokwisha kuona moto hakiogopi moto

Maneno hayo ni yake. Nilimkuta anatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, nikamuuliza kwa nini anajisumbua na takataka. Akanijibu hivyo, akaendelea kutwanga. Baadaye ndipo nilipoelewa: unga ule ukichanganywa na udongo mbichi, chungu hakinywei sana kinapokauka, na unyevu hupata njia ya kutoka. Udongo wenyewe aliuloweka, akaukanyaga, akaufunika kwa gunia lililolowa na kuuacha wiki mbili tatu. Sikuwahi kumwona akifinyanga udongo wa jana.

2. Chungu kitulie, wewe zunguka

Bibi hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Aliweka kitako cha chungu juu ya kigae kipana, akapandisha kamba nene za udongo moja juu ya nyingine, ameinama, akizunguka kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Kila mzunguko ukuta ulipanda kwa upana wa kidole, na kwenye vumbi la uani pakabaki duara la nyayo zake. Nilipojaribu kusimama mahali pamoja na kukigeuza chungu, mdomo ulikwenda upande.

Miaka mingi baadaye niliona picha za Ladi Kwali wa Nigeria, moyo ukanipiga. Alijifunza ufinyanzi kijijini kwao Kwali, na mwaka 1954 akajiunga na kituo cha mafunzo cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Magurudumu yalikuwepo pale, naye aliendelea kuijenga mitungi yake mikubwa kwa mkono, akiizunguka. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Mimi katika picha zile nilimwona Bibi.

3. Shavu linajua kuliko macho

Kiangazi cha pili nilifinyanga mtungi nilioupenda kupita kiasi. Niliusugua kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Bibi aliinama, akauwekea shavu tumboni, akasema, "Bado una baridi. Ngoja." Mtungi wenye unyevu huwa baridi shavuni, ndivyo alivyopima. Lakini siku hiyo tulikuwa tunachoma, nami sikutaka kungoja. Alipokwenda kufuata kuni nikauingiza katikati ya vyungu vyake. Tukafunika kwa kuni, mavi makavu ya ng'ombe na nyasi, tukawasha. Haikupita nusu saa tukasikia mlio. Maji yaliyofichika ndani ya udongo yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Mtungi wangu uliondoka na vyungu viwili vya Bibi, kimoja cha mtu aliyekwisha kulipa.

Hakunigombeza. Majivu yalipopoa aliokota vipande vyote, vyake na vyangu, akavitia kwenye kinu, akanipa mchi. Kiangazi kilichofuata, unga ule ndio niliochanganya kwenye udongo wangu.

4. Mwalimu huenda ni jirani

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Cardew alimshauri aende Abuja, na katikati ya miaka ya 1970 alikaa huko kwa Ladi Kwali na wenzake, akajifunza kujenga chombo kwa mikono mitupu. Leo vyombo vyake, vyekundu vilivyochomwa kwenye hewa na vyeusi vilivyonyimwa hewa, vimo katika makumbusho makubwa duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Kila nikisoma habari zake nawaza: msichana wa Nairobi ilimbidi apitie Uingereza ndipo amfikie mama mfinyanzi wa Afrika. Mimi nilivuka bonde moja tu, na wakati ule sikuijua bahati yangu.

5. Mfinyanzi hulia gaeni

Methali hii kwa Bibi ilikuwa kweli tupu. Chungu kizuri alikiuza, chenye ufa alipikia mwenyewe. Wateja walipungua mwaka hadi mwaka, wakahamia kwenye ndoo za plastiki na sufuria. Nasikia watu wakisema ufinyanzi wa mkono umepitwa na wakati, nami nawakatalia. Mtungi hupoza maji bila umeme: maji hupenya taratibu kwenye ukuta wake na kukauka kwa nje, yakiondoka na joto. Kazi hii bado inatufaa. Wanaoijua ndio wanaotuishia.

Kiangazi hiki, kama kijijini kwenu yupo bibi anayefinyanga, nenda ukampokee kapu la udongo.