Fonti haiingii kwangu kabla haijaandika Narung'ombe

Kwenye steshenari za Kariakoo kuna folda inayohama kwa flashi kutoka duka hadi duka, imejaa maelfu ya fonti. Kijana mpya wa dizaini akiipata, anachagua zote na kuzibandika kwenye C:\Windows\Fonts. Kufika mchana CorelDRAW inafunguka kwa kusuasua na orodha ya fonti haina mwisho. Mashine yangu ina fonti chache, na kila moja imefanyiwa usaili.

Tovuti nyingi za fonti zina kisanduku cha kujaribia maandishi. Usiandike jina lako, andika hivi: Mtaa wa Narung'ombe, 50,000/=. Fonti nyingi za bure za mwandiko wa mkono, zile zinazopendwa kwenye kadi za harusi, ni za kuonjesha tu: zina herufi, lakini hazina tarakimu wala alama ya usawa. Kadi ya mchango isiyo na tarakimu utaiandikaje namba ya simu? Kituo kigumu zaidi ni ile alama ya ng'. Word huipinda yenyewe unapochapa, na fonti inaweza kuwa na iliyonyooka ikakosa iliyopinda. Hapo kompyuta inaazima kutoka fonti nyingine, na jina la bibi harusi linatoka na kiraka cha jinzi kwenye gauni la hariri. Fonti ukiwa nayo tayari kwenye flashi, isakinishe, ijaribu, ikishindwa itoe siku hiyohiyo.

Kusakinisha hakuna maajabu. Toa mafaili kwenye zipu kwanza, usome na karatasi ya masharti iliyomo: ikisema ni kwa matumizi binafsi, kadi ya kuuza haimo. Faili la fonti huishia na .ttf au .otf, likiishia na .exe, futa, hiyo ni programu. Bofya kulia, chagua "Install". Tangu mwishoni mwa 2018, Windows 10 huiweka fonti kwa mtumiaji aliyeingia peke yake, kwa hiyo kama mashine ya dukani ina akaunti mbili tatu, chagua "Install for all users". Kisha funga Corel uifungue upya.

Kutoa ndiko kunakohitaji utulivu. Mteja wa kipaimara atarudi mwakani kwa mdogo wake, anataka kadi "kama ile ile". Kabla sijaondoa fonti, nakala yake naiacha ndani ya folda ya kazi iliyoitumia, pamoja na nakala ya dizaini ambayo maandishi yake yamegeuzwa michoro kwa Ctrl+Q. Nakala hiyohiyo ndiyo ninayompelekea mwenye mashine ya mabango, maana kwake fonti yangu haipo. Baada ya hapo funga Corel, Word na kila kinachoandika, ingia Settings, Personalization, Fonts, bofya jina la fonti, kisha "Uninstall". Ikikataa kwa kuwa inatumika, washa mashine upya ujaribu tena. Segoe UI na wenzake waliokuja na Windows waache, menyu zote zinaandikwa kwa hizo.

Wanaotumia Ubuntu wana njia nyepesi zaidi. Fonti ya kupakua unaiweka kwenye ~/.local/share/fonts, unaandika fc-cache -f, basi. Kuitoa, futa faili urudie amri. Nyingine zinakuja kama pakiti. Kwa Bismillahi kwenye kadi za ndoa natumia Amiri ya Khaled Hosny, aliyefufua herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo, na leseni yake inaruhusu kazi ya biashara. Amri ni sudo apt install fonts-hosny-amiri. Ukitaka kuitoa, weka remove palipo na install, na hapo apt inaondoa mafaili ya pakiti hiyo, zile ulizoweka kwa mkono haizigusi.