Alamu ya Baiskeli Inayotumia Betri: Matumizi na Matunzo

Kijitabu cha elimu kwa wenye baiskeli, mafundi na viongozi wa mitaa

UTANGULIZI

Tabora, Shinyanga, Kisumu na kwingineko katika nchi zetu, baiskeli ni ajira. Inabeba mkaa, maziwa, abiria, madumu ya maji na watoto wa shule. Ikiibiwa, riziki ya nyumba nzima inayumba, na pengine mwenyewe bado anadaiwa pesa aliyoinunulia. Ndiyo sababu watu wengi sasa wananunua alamu ndogo za betri za kufunga kwenye baiskeli.

Kabla ya yote, tunaomba msomaji alishike jambo moja: alamu haimzuii mwizi, inaita watu. Basi itakufaa pale tu ambapo betri ina nguvu, watu wa kuisikia wapo, na watu hao wanaamini kwamba ikilia kuna jambo. Kufuli bado lina kazi yake, na jirani pia ana kazi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

1. ALAMU INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya alamu mna betri, kihisi cha mtikisiko, king'ora na saketi ndogo inayopokea amri ya rimoti. Ukishaitega, mtu akiisukuma, akiinyanyua au akiigonga baiskeli, kihisi kinautambua mtikisiko huo. Alamu nyingi hutoa kwanza mlio mfupi wa onyo. Mtikisiko ukiendelea, king'ora hulia kwa nguvu kwa muda, kisha hunyamaza na kujitega upya.

Zipo za kufunga kwenye fremu na kuendeshwa kwa rimoti, zipo zinazofunguliwa kwa namba za siri, na yapo makufuli yenye alamu ndani yake. Alamu za kawaida za namna hizi hazitumi ujumbe kwenye simu wala hazionyeshi baiskeli iliko. Zinatoa sauti tu, nawe uwe umbali wa kuisikia.

2. KABLA YA KUNUNUA

Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha betri mbele yako, kisha tazama mambo haya:

• Betri gani inatumika? Kama ni zile nyembamba za rimoti ya televisheni, utazipata hata duka la mtaani. Kama ni betri za kidonge, angalia namba yake, mfano CR2032 au LR44, uhakikishe inapatikana mjini kwenu.

• Je, kifuniko kina mpira wa kuzuia maji? Tafuta pia alama ya IP yenye tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP54 inavumilia maji yanayoruka kutoka pande zote. IP65 inavumilia hata maji yanayopigwa kwa mpira wa bomba. Zote mbili si za kuzamishwa kwenye maji.

• Je, wepesi wa kihisi unaweza kupunguzwa na kuongezwa? Alamu isiyo na nafasi hiyo itakusumbua.

Ijaribu palepale dukani, na udai risiti.

3. KUFUNGA ALAMU

Mahali pazuri ni chini ya siti au kwenye bomba la fremu lililo karibu na siti. Pale haionekani upesi, haipigwi na tope la tairi la mbele, na mtikisiko wa fremu unaifikia. Matundu ya king'ora yatazame chini ili maji ya mvua yasituame ndani.

Ikaze kwa skrubu au vibano vilivyokuja nayo. Kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kikiwekwa kati ya alamu na bomba kinasaidia isiteleze. Kamba ya plastiki peke yake haitoshi, kwa kuwa inakatwa kwa wembe. Ukimaliza, ishike alamu uitikise: ikicheza, kihisi kitapata mtikisiko wa uongo kila upepo ukivuma.

4. MATUMIZI YA KILA SIKU

Egesha baiskeli mahali penye watu, wima na imara. Pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma, ukauzungushe kwenye nguzo au mti, ufunge kufuli. Baiskeli iliyofungwa gurudumu tu bila kushikizwa na kitu hubebwa mzimamzima begani. Ukishafunga, ndipo utege alamu. Wakati wa kuondoka fuata kinyume chake: zima alamu kwanza, kisha fungua kufuli.

Rimoti itembee na wewe. Usiiache kwenye kikapu cha baiskeli wala kwenye keria. Kama zilikuja mbili, moja ibaki nyumbani.

Wepesi wa kihisi upange kulingana na mahali. Sokoni, stendi, na mahali ambapo baiskeli zinaegemezana, weka kiwango cha chini, kwa sababu mtu anayechomoa baiskeli yake atatikisa na ya kwako. Fanya hivyo hivyo nje ya msikiti, kanisa, zahanati na darasa. Ukiwa umeiegesha peke yake uani usiku, unaweza kupandisha.

Kipimo rahisi ni hiki: tega alamu, subiri kidogo, kisha gusa siti kwa kidole. Isilie. Sasa shika usukani, uivute baiskeli kidogo. Ilie. Ikilia kwa kidole, punguza. Isipolia kwa kuvutwa, ongeza.

Alamu inayolia kila mara bila sababu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Majirani wataizoea, na siku mwizi atakapokuja hakuna atakayenyanyua kichwa.

5. BETRI: MAHALI ALAMU NYINGI ZINAPOFIA

Alamu hula betri hata ikiwa kimya, kwa sababu kihisi na kipokezi cha rimoti viko macho muda wote. Dalili za betri kuchoka ni mlio kufifia, taa kuwaka hafifu, na rimoti kukubali ukiwa karibu sana tu. Hii ya mwisho inaweza kutokana na betri ya rimoti yenyewe, kwa hiyo kagua zote mbili.

Badilisha betri zote kwa pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti. Iliyochoka hufyonzwa na zenye nguvu mpaka ipasuke au ivuje. Betri za alkali hudumu zaidi kuliko zile za bei rahisi za zinki na kaboni, na hazivuji upesi kama hizo. Zile za kuchajiwa za umbo hilohilo hutoa volti 1.2 badala ya 1.5. Alamu inayotumia tatu itapata volti 3.6 badala ya 4.5, na baadhi ya alamu hazitalia sawasawa. Soma maelezo ya boksi kabla ya kuzitumia.

Wengi wetu tumekua tukiona betri za tochi zikianikwa juani au kung'atwa ili zirudishe nguvu. Joto huzipa uhai wa muda mfupi tu, kisha huharakisha kuvuja. Usianike, usigonge, usichemshe. Na betri isiyoandikwa kwamba ni ya kuchajiwa usiichaji kamwe.

Fungua kifuniko uone springi na vibati vinavyogusana na betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri imevuja. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, toa betri, kisha futa kwa pamba iliyoloweshwa matone machache ya siki au maji ya limau. Pangusa kwa kitambaa kikavu, acha pakauke kabisa, ndipo uweke betri mpya. Usiguse macho kabla ya kunawa mikono.

Alamu yenye betri ya ndani ya kuchajiwa ichajiwe mahali penye hewa, mbali na godoro na mapazia, nawe ukiwa macho. Ikivimba au ikipata moto kupita kiasi, chomoa, itoe nje, usiitumie tena.

Baiskeli ikikaa ndani mwezi mzima bila kutumika, toa betri.

6. MVUA, VUMBI NA JUA

Kabla ya masika na kabla ya vuli, kagua mpira wa kifuniko. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, maji yataingia, badilisha. Ukiosha baiskeli, ifunike alamu kwa mfuko wa plastiki, na usielekeze mpira wa maji kwenye matundu ya king'ora. Vumbi liondoe kwa mswaki mkavu. Pwani, ambako hewa ina chumvi, kagua kutu kwenye vibati na skrubu mara kwa mara zaidi kuliko bara.

7. USALAMA WA WATOTO NA MASIKIO

Mtoto akimeza betri ya kidonge, inaweza kuunguza koo la chakula vibaya ndani ya saa 2. Usimtapishe, usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja na ueleze ni betri. Betri mpya na zilizokwisha zifungie mbali na watoto, na kifuniko cha rimoti kikazwe kila wakati.

Ving'ora vingi huandikwa desibeli 110 au zaidi. Sauti ya kiwango hicho karibu na sikio inaweza kudhuru usikivu kwa muda usiofika dakika 2. Unapoijaribu, isogeze mbali na kichwa, ziba matundu kwa kitambaa, na usiwaachie watoto waichezee.

Betri zilizokwisha usizitupe motoni, shimoni wala chooni. Zikusanye kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, uzipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wakipatikana. Zile za lithiamu ziba ncha zake kwa utepe kwanza.

8. ALAMU IKILIA

Anayetikisa baiskeli si lazima awe mwizi. Huenda ni mzee aliyejishikiza asianguke, mtoto mchezaji, au mtu aliyefananisha baiskeli. Kwa hiyo usianze kwa kupiga kelele za "mwizi". Kelele hizo zimewahi kuua wasio na hatia. Sogea ukiwa na wenzako, tazama, uliza. Mtu akikamatwa akiiba, akabidhiwe polisi akiwa salama. Usijichukulie sheria mkononi, wala usiruhusu wengine wafanye hivyo kwa jina la baiskeli yako. Wewe uliyefunga alamu ndiye uliyewaita watu wale, basi ndiye wa kwanza kuwatuliza.

Baiskeli ikichukuliwa, toa taarifa mapema kwa uongozi wa mtaa na kituo cha polisi. Tanzania utapewa namba ya RB, Kenya ni namba ya OB; itunze. Utaulizwa namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedeli au kwenye bomba la siti. Iandike leo pamoja na rangi na alama za pekee, piga picha, uziweke na risiti.

9. TATIZO NA LA KUFANYA

Hailii kabisa: kagua mwelekeo wa betri, kutu kwenye vibati, na swichi.

Inalia ovyo: kaza skrubu, punguza wepesi wa kihisi, egesha penye uimara.

Rimoti haikubali: badilisha betri yake, kisha fuata maelezo ya kuiunganisha upya na alamu.

Sauti imekwaruza: maji au vumbi limeingia. Toa betri, kausha kivulini siku nzima, jaribu tena.

10. UKAGUZI WA KILA MWEZI

1. Jaribu king'ora mchana, baada ya kuwaambia majirani.
2. Fungua kifuniko, tazama betri na vibati.
3. Kagua mpira na skrubu.
4. Jaribu rimoti kutoka umbali unaouzoea.
5. Kagua kufuli na mnyororo, kwa kuwa alamu haifungi kitu.

Kazi hii haichukui hata nusu saa. Mafundi baiskeli wanaweza kuifanya pamoja na kupaka cheni mafuta, na tunawaomba wawafundishe wateja wao. Viongozi wa mitaa nao wakisome kijitabu hiki mkutanoni, hasa sehemu ya 8.