Pete Kubwa na Pete Ndogo: Kiswahili cha Kufunga Beringi za Magurudumu katika Gereji za Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Mijadala ya istilahi za Kiswahili aghalabu hujikita katika isimu, sheria, siasa na, katika miaka ya karibuni, kompyuta. Gereji haitajwi sana. Hata hivyo, katika miji ya Thika na Ruiru, kazi nyingi za ufundi wa magari hufunzwa na kutekelezwa kwa mdomo, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hupitia Kiswahili, ama peke yake ama kikichanganyika na Kikuyu, Kiingereza na Sheng. Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi moja tu ya gereji, yaani ufungaji wa beringi za magurudumu, ili kuonyesha kwamba usahihi wa kazi hiyo hutegemea usahihi wa maneno. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa msamiati wa kazi hii. Upungufu uliopo ni wa maneno yaleyale kubeba maana mbili mahali ambapo fundi anahitaji maana moja tu.

2. Mazingira ya lugha na ya kazi

Thika si mgeni wa magari. Kiwanda cha kuunganisha magari kilianzishwa huko mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na tangu mwaka 1989 kimejulikana kama Kenya Vehicle Manufacturers. Ruiru nayo imekua kando ya barabara hiyohiyo ya Nairobi hadi Thika, ambayo ilijengwa upya kuanzia mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi mwaka 2012 ikiwa barabara kuu yenye njia nyingi. Miji yote miwili imo katika Kaunti ya Kiambu, na wafanyakazi wake hutoka pande nyingi za nchi. Kwa hiyo, Kiswahili ndicho kiungo cha fundi na mwanagenzi wasiozaliwa na lugha moja.

Kwa upande mwingine, masomo ya ufundi vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza, ingawa kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Matokeo yake ni kwamba mwanagenzi wa gereji anayejifunza kwa kutazama na kusikiliza hana maandishi ya kurejelea katika lugha anayofunzwa kwayo.

Uzito wa jambo hili unaweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 likisafiri kilomita 40 huzunguka mara 20,000. Mizunguko yote hiyo hubebwa na beringi, pamoja na uzito wa gari, mishtuko ya mashimo na msukumo wa kila kona. Kosa dogo la ufungaji hurudiwa mara elfu ishirini kabla abiria hajashuka.

3. Beringi na sehemu zake

Beringi ya gurudumu ina pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Katikati yake huviringika gololi, au vipande vya chuma vyenye umbo la mche ambavyo hapa vitaitwa rola. Kizimba huzitenganisha gololi au rola hizo zisigusane, grisi huzilainisha, na sili huzuia maji na vumbi. Beringi hukaa kwenye kitovu cha gurudumu, ambacho gerejini huitwa habu.

Kuna aina mbili kuu zinazohusika hapa. Aina ya kwanza ni beringi za rola zilizolala mshazari, ambazo hufungwa mbilimbili katika kila kitovu. Hizi ndizo zilizozoeleka katika malori, mabasi na magari mengi ya zamani, kama vile Land Rover. Pete yake inayobeba rola huitwa koni, na ile inayoshindiliwa ndani ya kitovu huitwa kikombe. Aina ya pili ni beringi iliyokamilika, yenye grisi na sili zake tangu kiwandani. Hiyo hushindiliwa kwa mashine ndani ya kifundo cha usukani, nacho kitovu hushindiliwa ndani ya beringi. Aina hii hupatikana katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele.

4. Utata wa “ndani” na “nje”

Kanuni ya msingi ya ufungaji ni kwamba nguvu isipite kwenye gololi au rola. Pete inayoingia kwa kubana ndiyo inayosukumwa. Beringi ikiingizwa kwenye kifundo, husukumwa pete inayogusa kifundo. Kitovu kikiingizwa katika beringi, hushikiliwa kwa chini pete inayogusa kitovu. Anayekiuka kanuni hii huzigandamiza gololi juu ya njia zake na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Beringi hiyo mpya huanza kunguruma baada ya muda mfupi, na mwenye gari huamini kwamba aliuziwa mali bandia.

Tatizo la lugha hujitokeza fundi anaposema, “Gonga ya nje.” Katika beringi moja, “ya nje” ni pete kubwa inayozunguka nyingine. Katika kitovu chenye beringi mbili, “ya nje” ni beringi iliyo upande wa mbali na gari, ambayo kwa kawaida ndiyo ndogo. Aidha, “nje” huweza kuwa ule uso wa beringi unaomtazama fundi. Mwanagenzi mtiifu anaweza kutii vizuri na bado akakosea.

Makala haya yanapendekeza mgawanyo wa maneno ambao tayari umo ndani ya lugha. Kwanza, pete zitajwe kwa ukubwa: “pete kubwa” na “pete ndogo”. Pili, “ya ndani” na “ya nje” yabaki kuwa maneno ya mahali pa beringi kwenye kitovu. Tatu, kwa beringi za rola mshazari, “koni” na “kikombe” yatumike kwa uthabiti. Hivyo basi, sentensi “Shindilia kikombe cha beringi ya ndani” haina njia ya pili ya kueleweka.

5. Utata wa “kaza”

Kitenzi “kaza” nacho kina mtego wake. Katika beringi iliyokamilika, nati ya shafti hukazwa hadi kipimo kamili kilichowekwa na mtengenezaji wa gari, kwa spana yenye kipimo, kwa kuwa mkazo huo ndio unaozishika sehemu za beringi pamoja. Katika beringi za rola mshazari, nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, kisha hurudishwa taratibu hadi kubaki nafasi ndogo sana. Mwongozo unaotumiwa sana na wenye malori nchini Marekani hutaka nafasi hiyo iwe kati ya milimita 0.025 na 0.127.

Vitendo hivi viwili karibu vinapingana, lakini vyote huitwa “kukaza nati”. Mwanagenzi aliyezoea gari dogo akiikaza nati ya lori kwa nguvu zake zote, rola hukosa nafasi, joto hupanda, grisi huyeyuka na kumwagika, na mwishowe beringi huweza kuganda au gurudumu kung’oka barabarani. Naye aliyezoea lori akiiacha nati ya gari dogo ikiwa legevu, beringi huachana na kulika mapema.

Lugha ina dawa yake. Mafundi husema gurudumu “linacheza” linapotikisika, na kutokana na kitenzi hicho tunapata nomino “mchezo”. Kwa hiyo, kwa beringi za rola mshazari inafaa kusema “kuweka mchezo”, na kwa beringi iliyokamilika “kukaza hadi kipimo”. Hali kadhalika, “kupachika” kunaweza kutumika kwa kitu kinachoingia kwa mkono, na “kushindilia” kwa kinachohitaji mashine.

6. Mfano wa somo

Ili kuthibitisha kwamba mapendekezo haya yanatendeka, hapa chini pana somo fupi la kufunga beringi iliyokamilika.

(a) Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu mengine, inua kwa jeki, kisha liegemeze juu ya stendi imara. Usifanye kazi chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

(b) Baada ya kuitoa beringi kuukuu, safisha tundu la kifundo na kagua kama lina mikwaruzo au limepanuka. Beringi mpya haiponyi tundu lililoharibika.

(c) Acha beringi mpya ndani ya karatasi yake hadi dakika ya kuifunga. Usiioshe, wala usiongeze grisi.

(d) Ikiwa gari lina mfumo wa breki wa ABS na beringi ina ukanda wa sumaku, hakikisha upande wenye ukanda unakitazama kihisi.

(e) Shindilia beringi ndani ya kifundo kwa kusukuma pete kubwa peke yake, ikiwa imenyooka. Usitumie nyundo. Rudisha klipu yake, kama ipo.

(f) Egemeza pete ndogo kwa chini, kisha shindilia kitovu ndani yake.

(g) Rudisha shafti, funga nati mpya, na uikaze hadi kipimo cha mtengenezaji. Nati isikazwe kwa mashine ya upepo.

(h) Zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke bila kukwama, bila mngurumo na bila mchezo.

Ieleweke kwamba somo hili zima limetumia maneno ambayo mwanagenzi wa Thika au Ruiru anayafahamu, au anaweza kuyafahamu kwa kuelezwa mara moja. Maneno ya mkopo kama beringi, nati, spana, jeki na grisi yamekwisha kupata uraia. Hayana haja ya kufukuzwa.

7. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba utata wa “nje” na “kaza” si suala la ufasaha tu. Huharibu vyuma, huwapotezea watu fedha na huweza kuua. Ni vyema vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikaanza kushirikiana na vyuo vya ufundi vilivyo jirani navyo katika kuandaa masomo ya ukurasa mmoja, yakajaribiwa mbele ya mafundi wenyewe, yakasahihishwa, kisha yakabandikwa ukutani gerejini. Istilahi ambayo fundi ataikataa haitakuwa imefaulu, hata ikipitishwa na kamati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa hapa ni neno moja linalobeba maana mbili. Kuuziba hakugharimu zaidi ya kusema “pete kubwa” pale palipozoeleka kusemwa “ya nje”.