Somo: Karatasi za Kuvuka Mpaka kwa Gari

Wengi wetu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa tuna ndugu Malawi. Wengine huvuka ziwa kwa chombo. Wengine huenda kwa gari. Njia ya gari hupita Songea, Njombe, Makambako, Mbeya na Tukuyu mpaka Kasumulu. Hapo mpaka ni Mto Songwe. Safari hii ni ndefu. Ukikosa karatasi moja utarudishwa, na fedha ya mafuta imekwisha.

Karatasi za msafiri

Kila msafiri awe na pasipoti yake. Mtoto naye ni msafiri. Kitambulisho cha Taifa hakitoshi kuingia Malawi. Lakini kitunze, maana utakihitaji unapoomba pasipoti. Utahitaji pia cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi wako. Pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Ofisi ya mkoa wetu iko Songea. Ukipata msiba wa ghafla, waulize habari za hati ya dharura ya safari.

Karatasi za gari

Dereva awe na leseni. Gari liwe na kadi yake na bima. Bima ya hapa nchini huishia mpakani. Kwa hiyo kata bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo hutambuliwa Malawi. Kama gari si lako, chukua barua ya ruhusa ya mwenye gari. Mpakani, watu wa forodha hutoa kibali cha gari kukaa huko kwa muda. Gari lirudi kabla muda haujaisha.

Soma mwenyewe

Sasa unajua kusoma. Zipange karatasi zako mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Cheti kikisema Ndunguru na kitambulisho kikisema Ndungulu, afisa ataona watu wawili. Sahihisha mapema. Soma pia tarehe ya mwisho ya pasipoti.

Mpakani, gongewa mhuri wa kutoka Tanzania, kisha wa kuingia Malawi. Soma siku ulizopewa kabla hujaondoka dirishani. Usipite njia za panya. Asiye na mhuri hana ushahidi kwamba ameingia kwa halali.

Maswali

1. Kwa nini bima ya kawaida haitoshi?
2. Taja karatasi nne za dereva na gari lake.
3. Linganisha jina lako katika vyeti vyako vyote. Je, yanafanana?