Tangi Jipya la Samaki

Muhula uliopita tulitia perege wachanga sita katika tangi la darasa letu siku ile ile tulipolijaza. Kabla ya juma kwisha wote walikufa, ingawa maji yalionekana safi kabisa. Kosa lilikuwa letu.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Ziwani wamo bakteria wa namna mbili: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu, wa pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni machache, tena ni mbolea ya mimea. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha.

Basi yafaa kufanya hivi. Tandaza changarawe iliyooshwa, panda mimea ya majini, kisha mimina maji ya bomba yaliyokaa ndooni siku nzima ili klorini itoke. Kila siku tia chembe za chakula, ingawa samaki hawamo, zioze na kuwalisha bakteria. Changarawe kidogo ya tangi la zamani huharakisha kazi. Pima maji mara kwa mara: amonia hupanda, halafu nitraiti; zote mbili zikishuka hata 0, tangi limekuwa tayari. Kwa kawaida huchukua majuma 4 hadi 6. Hapo tia samaki wawili tu kwanza.

Sisi tumo katika juma la 5. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza hutucheka kwa kutunza tangi lisilo na samaki. Na wacheke, mara hii tunangoja.