Tetemeko la Ardhi: Kwa Nini Nyumba Moja Huanguka na Nyingine Husimama

Tetemeko la ardhi linapotajwa, mkazi wa Nakuru hufikiria Japani au Uturuki. Ni wachache wanaojua kwamba tetemeko kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini Kenya lilitokea katika kaunti hii, upande wa Subukia, tarehe 6 Januari 1928. Ukubwa wake ulikadiriwa kuwa 6.9. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 30 chini ya ukingo wa Laikipia, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita mbili.

Linganisha na Bukoba, Tanzania. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, mji huo ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikalazimika kufungwa kwa muda.

Tofauti ya 6.9 na 5.9 yaonekana ndogo, lakini sivyo. Kipimo hiki kinapopanda kwa namba moja, nguvu inayotolewa huongezeka takriban mara 32. Kwa hivyo tetemeko la Bukoba lilikuwa dogo mno likilinganishwa na la Subukia. Yale madhara makubwa yalitoka wapi?

Jibu la kwanza ni nyumba zenyewe. Subukia ya 1928 ilikuwa na watu wachache, na wengi wao waliishi katika nyumba za fito, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa, udongo hudondoka lakini fito hujipinda na kubaki zimesimama. Paa la nyasi nalo ni jepesi. Bukoba ya 2016 ulikuwa mji wenye nyumba nyingi za matofali yaliyojengwa bila chuma. Ukuta wa matofali au mawe hubeba mzigo unaoushukia kutoka juu bila taabu, lakini ukisukumwa kutoka ubavuni hauna wa kuushika. Pembe huachana, kuta hugawanyika kila mmoja upande wake, na ile sehemu ya pembetatu chini ya paa ndiyo mara nyingi hutangulia kuanguka.

Hii haina maana kwamba watu warudi kwenye nyumba za nyasi. Maana yake ni kwamba Subukia, Bahati na Solai za leo zimejaa nyumba za mawe, na tetemeko kama la 1928 likirudi halitakuta mazingira yaleyale.

Jibu la pili ni udongo. Mtikisiko ukipita kwenye mwamba mgumu huenda haraka na kuisha. Ukifika kwenye udongo mwepesi, mashapo ya kando ya ziwa au ardhi iliyojazwa, huongezeka na kudumu zaidi. Nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, moja juu ya mwamba na nyingine bondeni, zaweza kupata madhara tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya Nakuru imekaa juu ya udongo wa majivu ya volkano, kwa hivyo msingi wa nyumba hapa si mahali pa kupunguzia gharama.

Hatari haifanani kote nchini. Kanuni za ujenzi zilizotolewa mwaka 1973 kuhusu matetemeko ziliigawa Kenya katika kanda kulingana na ukali unaotarajiwa. Bonde la Ufa ndilo lenye hatari kubwa, kwa sababu ardhi hapa inaendelea kuachana kwa milimita chache kila mwaka. Nairobi haiko mbali na bonde hilo: Julai 2007, matetemeko ya kaskazini mwa Tanzania yaliwafanya watu kukimbia kutoka kwenye majumba marefu. Pwani pia hutikiswa mara mojamoja, kama Agosti 2020 tetemeko lililoanzia Bahari Hindi liliposikika hadi Mombasa. Kaskazini Mashariki ni tulivu zaidi.

Mwenye ploti anayejenga nyumba ya kawaida hahitaji mitambo ya kigeni. Linalosaidia zaidi ni mkanda wa konkriti wenye vyuma unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha bila kukatika mahali popote. Mkanda huo hufunga kuta zote pamoja kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Mafundi wengine huuweka juu ya madirisha tu na kuuacha kwingine. Hapo kazi yake yote hupotea. Chuma chembamba kinacholazwa kati ya kozi za mawe, hasa kwenye pembe, nacho hushika. Madirisha yasisogezwe karibu mno na pembe, na tangi la maji lisiwekwe juu ya ukuta usiojengwa kulibeba. Anayetaka kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani aanze kwa mhandisi na kibali cha kaunti, kwa maana msingi wa chumba kimoja haujui habari za vyumba vitatu.

Baada ya mtikisiko, nyumba ikaguliwe kabla ya watu kurudi kulala ndani, kwa sababu mitikisiko midogo hufuata. Nyufa nyembamba za plasta si za kutisha. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaopita hadi upande wa pili wa ukuta, au pembe zilizoachana, ni sababu ya kuhama hadi mhandisi afike. Ufa wenye shaka uwekewe alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili na tarehe iandikwe kando. Ukivuka alama, nyumba bado inasogea.